Gemu za Zilipendwa na Siri ya Kuruka

Gemu za kuruka ni zile ambazo mchezaji humwongoza mtu mdogo ndani ya skrini, akakimbia, akapanda ngazi, akaruka kutoka jukwaa moja hadi jingine bila kutumbukia shimoni wala kuguswa na adui. Ndizo zilizoshika watoto wa miaka ya 1980 na 1990 karibu kila mahali palipofika umeme na televisheni, na ndizo zinazouzwa upya kwa wingi leo: zimefungwa katika vijimashine vidogo vya ukumbusho, zimekusanywa katika matoleo ya pamoja, zimechorwa upya kwa picha zinazong'aa. Waliozicheza wakiwa wadogo sasa wanapokea mishahara, na kampuni zinalijua hilo vizuri.

Ni rahisi kuzifananisha na zilipendwa za redioni. Lakini wimbo uliorekodiwa mwaka 1970 ukipigwa leo hautaki kitu kwa msikilizaji. Akae, asikilize, akitaka aimbe pamoja nao. Gemu haisikilizwi tu, inachezwa, na kumbukumbu yake haikai machoni na masikioni peke yake. Nusu yake imekaa kwenye kidole gumba. Kidole hicho ni shahidi mgumu: macho yanaweza kudanganywa na rangi mpya, na sikio likapokea muziki uliopigwa upya, lakini kidole kinajua kama mruko ni ule au si ule. Historia ya matoleo mapya ya gemu hizi, yaliyofaulu na yaliyovurunda, ni kwa sehemu kubwa historia ya mruko.

Mwaka 1980 gemu ya Kijapani iliyoitwa Space Panic ilikuwa na majukwaa na ngazi, ila mtu wake hakuweza kuruka hata kidogo. Kuruka kulikuja na Donkey Kong mwaka 1981, mashine ya kutumbukiza sarafu iliyotengenezwa na Nintendo, kampuni ya Kyoto iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mbunifu wake alikuwa kijana mchoraji, Shigeru Miyamoto. Mtu wake alikuwa seremala mfupi anayepanda jengo huku sokwe akimvurumishia mapipa. Alipewa kofia kwa sababu nywele zilikuwa taabu kuchora kwa vidoti vichache, na masharubu ili pua yake ionekane. Mruko wake ulikuwa mmoja tu: akishaiacha ardhi hageuki hewani, na akianguka kutoka juu kuzidi kimo chake kidogo tu, amekufa. Mwaka uliofuata David Crane wa Marekani alitoa Pitfall!, gemu ya dakika 20 ya kurukia mamba na kuning'inia kwenye kamba, na kwa wenye Atari hiyo ndiyo gemu ya kwanza inayowajia akilini.

Lakini mruko uliozaa watoto wote waliofuata ni wa Super Mario Bros., iliyotoka Japani tarehe 13 Septemba 1985. Yule seremala sasa ni fundi bomba na jina lake ni Mario. Mchezaji akigusa kitufe kidogo, Mario anaruka kidogo. Akikishikilia, anapanda juu zaidi. Akikiachia katikati ya safari, uzito unamvuta chini haraka. Akikimbia kwanza, mruko unazidi: akiwa amesimama anavuka kimo cha matofali manne hivi, na akija mbio anaongeza tofali moja. Akiwa hewani anaweza bado kuelekezwa mbele au nyuma, jambo ambalo halina maana yoyote katika maumbile lakini lina maana kubwa kwa kidole. Mtoto hafundishwi lolote kati ya haya. Uyoga wa kwanza unatoka kwenye tofali, unagonga bomba na kurudi kumfuata, na kabla hajajua amekwisha kujifunza.

Gemu nzima, yenye hatua 32 zilizogawanywa katika dunia 8, ilitoshea katika kaseti ya kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya siku hizi huizidi mara nyingi. Ufinyu huo ulilazimisha werevu: wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Muziki wa Koji Kondo ulipigwa kwa sauti chache mno za kielektroniki, moja ikiwa ya mchakacho tu, na bado wapo watu wazima wasioweza kutaja hatua moja ya gemu hiyo lakini wanaweza kuupiga muziki wake kwa mbinja. Kila mruko nao ulikuwa na sauti yake inayopanda. Sikio na kidole vilifundishwa pamoja, na ndiyo maana haviachani.

Sega ilijibu mwaka 1991 kwa Sonic the Hedgehog, kalunguyeye wa buluu wa mashine ya Mega Drive. Hapa mruko ulikuwa mtoto wa mwendo. Sonic akiteremka mlima anapata kasi, akijikunja kuwa mpira anapata zaidi, na akiruka kutoka kwenye mteremko anatupwa upande ule mteremko unakoelekea. Aliyeuzoea mwendo huo akigusa gemu nyingine huona kama amefungwa mawe miguuni. Miaka mitano baadaye ikaja Crash Bandicoot ya kampuni ya Naughty Dog kwenye PlayStation, na kuruka kukaingia katika picha zenye kina, ambako shimo haliko tu kulia au kushoto bali pia mbele na nyuma.

Kuuza upya kulianza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1993 Nintendo ilizikusanya gemu zake za Mario katika Super Mario All-Stars, ikazichora upya kwa mashine mpya ya wakati ule. Rangi zilipendeza, milima ikapata vivuli. Lakini tofali lilikuwa na kasoro. Katika gemu ya asili Mario akivunja tofali kwa kichwa anarudi chini papo hapo, na katika toleo jipya anaendelea kupanda kana kwamba hakugonga kitu. Ni jambo dogo la sehemu ya sekunde. Waliokuwa na gemu ya kwanza vidoleni walilihisi hata kabla ya kuweza kulieleza.

Kitaalamu, kuna njia mbili tatu za kuirudisha gemu iliyokufa. Ya kwanza ni emuleta, programu inayoigiza mashine ya zamani ndani ya mashine mpya, kisha ikapewa kaseti ileile kama data. Ikiigiza vizuri, kila kitu kinarudi pamoja na kasoro zake, hata kule kuyumbayumba kwa picha kulikotokea kwenye mashine ya Nintendo kila vitu vinavyosogea vilipozidi vinane katika mstari mmoja. Ya pili ni kuuchukua msimbo wa asili na kuurekebisha uende kwenye mashine mpya, ilimradi msimbo huo upo. Mara nyingi haupo. Jordan Mechner, aliyetengeneza Prince of Persia ya mwaka 1989 kwa kumpiga video mdogo wake akikimbia na kuruka kisha kuchora juu ya picha zile, alikwisha kata tamaa ya kuuona msimbo wake mpaka mwaka 2012, baba yake alipokuta sanduku la diski za zamani na kumtumia. Kampuni zilizofilisika au kuhama ofisi hazikuwa na baba wa namna hiyo. Njia ya tatu ni kuijenga gemu upya kutoka chini, na hapo ndipo kidole huanza kulalamika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Crash. Mwaka 2017 kampuni ya Vicarious Visions ilitoa N. Sane Trilogy, gemu tatu za miaka ya 1996, 1997 na 1998 zikiwa zimejengwa upya kwa PlayStation 4. Walikuwa na maumbo ya hatua za zamani, lakini msimbo hawakuwa nao, kwa hiyo vipimo vya mwendo vilibidi vitafutwe upya. Wakaamua kuchukua mwendo wa gemu ya tatu na kuutumia kwa zote. Mtu wa gemu ya kwanza, aliyezoea kuelea kitambo, sasa anashuka upesi kuliko madaraja ya hatua zile yalivyopimiwa. Juu ya hilo, mwili wake usioonekana, ule ambao kompyuta huutumia kujua kama amegusa kitu, ulikuwa na umbo la kidonge. Zamani kitako chake kilikuwa bapa, hivyo aliweza kusimama ukingoni kabisa mwa jukwaa kwa ncha ya kiatu. Kidonge kikifika ukingoni kinateleza. Wachezaji waliorudi baada ya miaka 20 walianguka kwenye mashimo waliyoyavuka wakiwa na miaka tisa. Wengi walijilaumu, wakadhani uzee umewafika. Kisha wakapima, wakalinganisha video, na watengenezaji wenyewe wakakiri kwamba mruko ni tofauti.

Mauzo hayakudhurika hata chembe, na pengine haikuwa haki yadhurike, maana kazi ya picha na muziki ilikuwa safi. Watengenezaji hao walifanya pia jambo la kupendeza. Katika gemu ya asili kulikuwa na hatua iitwayo Stormy Ascent, ngome ndani ya dhoruba, iliyoondolewa kwa sababu ilikuwa ngumu mno, ingawa data yake ilibaki imefichwa kwenye diski. Mwaka 2017 waliijenga na kuitoa. Hivyo kati ya yote yaliyorudi kulikuwa na kimoja ambacho watoto wa 1996 hawakuwahi kukipata kwa njia ya kawaida, na hakuna aliyeweza kusema kwamba mruko wake umebadilika.

Kwa Sonic somo lilikuwa kali zaidi. Mwaka 2010 Sega ilitoa Sonic the Hedgehog 4, ikiahidi kuanzia pale gemu za zamani zilipoishia. Picha zilikuwa za kisasa, jina lilikuwa lenyewe, lakini mchezaji akiachia kitufe hewani Sonic anasita na kudondoka kana kwamba amekatwa kamba. Kule kusukumwa na kasi yake mwenyewe hakukuwepo. Aliweza hata kusimama wima penye ukuta bila kuteleza, akawa kichekesho cha mashabiki kwa miaka. Wakati huohuo Mwaustralia mmoja, Christian Whitehead, shabiki tu asiyeajiriwa na Sega, alikuwa ametengeneza kwa mkono wake mfumo unaoiga mwendo wa gemu za zamani kwa usahihi, akaonyesha Sonic CD ikikimbia kwenye simu. Sega ikampa kazi ya kuitoa rasmi mwaka 2011. Mwaka 2017 yeye na wenzake, wengi wao wakiwa mashabiki kama yeye, walitoa Sonic Mania, hatua za zamani zilizopanuliwa pamoja na mpya kabisa, na wahakiki wakaisifu kuliko Sonic yoyote ya miaka mingi nyuma yake. Kampuni ilikuwa na jina, haki na fedha. Mruko ulikuwa kwa mashabiki.

Hata mruko ukibaki uleule kabisa, bado kuna skrini. Televisheni ya zamani, ile ya chogo, ilichora picha mstari kwa mstari, papo hapo ishara inapofika, bila kusubiri. Runinga bapa ya leo huipokea picha nzima, huihifadhi, huisafisha, kisha huionyesha, na kazi hiyo inaweza kula makumi ya milisekunde. Mashine ya zamani ilibadilisha picha kila sehemu ya 60 ya sekunde, yaani milisekunde zipatazo 17, kwa hiyo runinga inaweza kuchelewa picha mbili, tatu au zaidi. Kwa filamu haina maana. Kwa anayeruka ukingoni ni shimo. Ndiyo sababu runinga nyingi za sasa zina mpangilio maalumu wa gemu, unaoacha usafishaji ili picha iwahi.

Chogo lilibadili pia kile kilichoonekana. Wachoraji wa zamani walijua picha itafifia kidogo kwenye waya na kioo, wakatumia hilo kama rangi ya ziada. Maporomoko ya maji katika hatua ya kwanza ya Sonic yamechorwa kwa mistari membamba ya wima yenye nafasi katikati. Kwenye televisheni ya wakati ule mistari ilichanganyikana, na maji yakaonekana kama kioo kinachopitisha mwanga. Kwenye skrini ya leo ni uzio wa fito. Matoleo mengi mapya huweka kichujio kinachoiga mistari ya TV ya zamani, na inachekesha kidogo kwamba mashine yenye nguvu mara elfu hutumia sehemu ya nguvu hizo kuharibu picha kwa makusudi.

Kisha kuna suala la mfumo wa televisheni, ambalo linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Japani na Marekani zilitumia televisheni ya picha 60 kwa sekunde. Ulaya Magharibi kwa sehemu kubwa, na Kenya na Tanzania pia, zilifuata mfumo wa PAL wenye picha 50. Gemu iliyopimwa kwa 60 ikiwekwa kwenye mashine ya 50 bila kurekebishwa hupoteza karibu asilimia 17 ya kasi yake. Sonic wa 1991 kwenye Mega Drive ya Ulaya alikimbia polepole na muziki wake ukajivuta, na watoto wa huko hawakujua kwamba kuna mwingine. Mwaka 2018 Sony ilitoa kijimashine cha ukumbusho, PlayStation Classic, chenye gemu 20, na tisa kati ya hizo zilikuwa za toleo la PAL, hata zilizouzwa Marekani. Wamarekani walilalamika kwamba gemu zao zimelegea. Kwa aliyekulia upande wa PAL huo ulegevu ndio utoto wenyewe. Bei ya kijimashine hicho ilishushwa ndani ya wiki chache.

Katika miji ya Afrika Mashariki wengi hawakuanza na Nintendo halisi. Walianza na nakala za bei nafuu zilizotengenezwa Asia, zilizoigiza mashine ya Kijapani ya Famicom ya mwaka 1983, ambayo nje ya Japani iliuzwa ikiwa na sura nyingine, sanduku la kijivu. Nakala nyingi zilikuwa na umbo la ile ya Japani. Waya wake uliunganishwa kwenye tundu la antena, kisha mtu akazungusha stesheni mpaka picha ikaibuka kwenye chenga. Kaseti ilijigamba kwa maandishi kuwa na mamia au maelfu ya gemu. Ukweli ni kwamba zilikuwa chache, zikirudiwarudiwa kwa majina tofauti na kuanzia hatua tofauti. Mario alikuwemo. Jina la kampuni mara nyingi halikuwemo.

Hili linafanya kumbukumbu iwe na mkunjo wa ajabu. Novemba 2016 Nintendo ilitoa NES Classic Edition, sanduku dogo la kijivu lenye gemu 30, waya za pedi zake zikiwa fupi mno, zipatazo sentimita 75, kama vile mnunuzi bado ni mtoto anayekaa mkekani mbele ya TV. Liliuzwa zaidi ya milioni 2 kabla ya kusimamishwa mwaka uliofuata, kisha likarudishwa mwaka 2018. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyekulia kwenye nakala akiliona haoni chake. Novemba ileile ya 2016, Japani peke yake, Nintendo iliuza toleo la umbo la Famicom, jeupe na jekundu, na hilo ndilo lingemkumbusha nyumbani. Pedi zake zilipunguzwa pamoja na mashine, zikawa ndogo kiasi kwamba mkono wa mtu mzima hauzishiki vizuri.

Yote haya yanahusu gemu zilizobahatika kurudi. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani. Na zinazorudi zinaweza kuondoka tena. Duka la mtandaoni la Wii, mashine nyingine ya Nintendo, lililouza gemu nyingi za zamani, lilifungwa Januari 2019. Super Mario 3D All-Stars ya mwaka 2020 iliwekewa mwisho wa kuuzwa tangu siku ya kwanza, tarehe 31 Machi 2021, ili watu waharakishe, na waliharakisha kwa mamilioni. Sega nayo, ilipokaribia kutoa Sonic Origins mwaka 2022, iliziondoa kwenye maduka ya mtandaoni gemu zilezile zilizokuwa zikiuzwa mojamoja, na katika mkusanyiko mpya baadhi ya nyimbo za Sonic 3 zikabadilishwa. Kitabu cha zamani kikichapwa upya hakimnyang'anyi mtu nakala iliyoko dukani. Gemu hufanyiwa hivyo, na wanunuzi wamezoea.

Wapo walioamua kutorudisha chochote, wakatengeneza upya hisia peke yake. Shovel Knight ya mwaka 2014, iliyoanza kwa michango ya umma, inaonekana kama kaseti ya 1988 lakini inatumia rangi ambazo mashine ile haikuwa nazo, na picha zake haziyumbi kamwe. Celeste ya 2018 huenda mbali zaidi kwa siri: mchezaji akichelewa kubonyeza, akawa amekwisha pita ukingo kwa sehemu ndogo ya sekunde, gemu inamruhusu aruke kutoka hewani tupu. Anaamini ameruka kwa ustadi. Gemu nyingi za zamani hazikuwa na huruma hiyo, ila mtu mzima anazikumbuka kana kwamba zilikuwa nayo.

Nintendo yenyewe mwaka 2024 ilitoa Nintendo World Championships: NES Edition, ambamo gemu 13 za zamani zimekatwa vipande vifupi, zaidi ya 150, na wachezaji hushindana kwa saa, vipande vingine vikiisha kwa sekunde chache tu. Kimojawapo kinamtaka mchezaji aupate ule uyoga wa kwanza wa 1985, unaogonga bomba na kurudi, kisha saa inasimama na kipande kinaanza upya.